Mafuta gani yanafaa kwa gobori? Maji kwanza, mafuta nyuma

Katika vijiji vingi vya mashariki ya Congo, gobori ingali inaonekana. Ni bunduki ya kujazwa kwa mbele: baruti na risasi zinaingia kupitia mdomo wa mtutu, si kwa nyuma kama silaha za leo. Sehemu zingine watu wanaiita pupu. Iko kwa muwindaji mwenye kibali, na iko kwa familia yenye kuirithi kwa babu, imetundikwa juu ya ukuta mwaka mzima.

Wenye kuitunza wanauliza kila mara: wapake mafuta gani? Mmoja anatumia mawese, mwingine anaomba mafuta ya zamani kwa fundi wa pikipiki, mwingine anamwaga petroli. Swali linaonekana dogo, lakini mtutu wenye kuliwa na kutu kwa ndani hauonyeshi alama kwa inje. Siku unapasuka, unapasuka karibu na uso na mkono wa yule anayeushika.

Silaha ya zamani yenye haikuisha

Magobori yaliingia kwa wingi katika karne ya 19, pamoja na misafara yenye kutoka Zanzibar kupitia Ujiji, na ingine yenye kutoka upande wa Angola. Tippu Tip huko Maniema na Msiri huko Bunkeya, katika Katanga, walijenga nguvu yao juu ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na juu ya bunduki hizo.

Mwaka 1890, mkataba wa Bruxelles ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Lakini ulifungua njia ndogo kwa bunduki za zamani za jiwe la moto zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Ni sababu moja yenye ilifanya gobori ibaki mikononi mwa watu wa vijiji wakati dunia ilikuwa imekwisha kuiacha. Na wahunzi walijifunza kuitengeneza, ndiyo maana chuma chake hakifanane kila mahali: kuna mtutu wa kiwanda, na kuna wenye ulitoka katika bomba la maji.

Adui si mvua peke yake

Baruti nyeusi inatengenezwa kwa shura, makaa na kibiriti. Ikiwaka, haigeuke moshi yote. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kama uchafu mgumu, na sehemu moja inashikamana ndani ya mtutu. Uchafu huo una chumvichumvi nyingi, na chumvi hizo zinavuta maji kutoka hewani. Mahali penye unyevu kama Kisangani, Kindu ao Walikale, mtutu wenye kuachwa usiku mmoja bila kusafishwa unaweza kuamka na kutu.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanapiga risasi, kisha wanamwaga mafuta ndani juu ya uchafu, wanafikiri wamemaliza. Lakini mafuta hayayeyushe chumvi. Yanaifunika tu, na kutu inaendelea kula chuma chini yake. Tena, mafuta yenye kutoka katika petroli ya ardhi yakichanganyika na uchafu wa baruti yanafanya kitu cheusi chenye kunata sawa lami, kigumu kutoa.

Chenye kinatoa chumvi ni maji. Maji ya moto na sabuni kidogo, kitambaa juu ya fimbo, kurudia mpaka kitambaa kitoke safi. Maji ya moto yana faida ya pili: yanapasha chuma, na chuma chenye joto kinakauka haraka. Kisha kitambaa kikavu, mara mbili ao tatu. Ni hapo tu mafuta yanaingia, na yanapashwa kuingia upesi, juu chuma safi chenye hakina kitu juu yake kinaanza kushika kutu kwa dakika chache.

Mafuta yenye kupatikana kwa soko

Mafuta ya mashini ya kushona. Ni mepesi na safi, hayana asidi, yanaingia vizuri katika mtambo na kifyatuo. Ubaya wake ni kwamba yanashuka haraka. Bunduki yenye kukaa ukutani inahitaji kuangaliwa na kupakwa tena kila mwezi, zaidi katika majira ya mvua.

Mafuta mapya ya injini. Ni mazito, yanashika chuma kwa muda mrefu, na yana dawa za kuzuia kutu. Yanafaa kwa mtutu wenye utakaa bila kazi. Yasiingizwe kwa wingi katika mtambo, juu yanakusanya vumbi.

Mafuta ya vidanji. Watu wanayapenda juu ni ya bure. Lakini yana masizi, asidi na unga wa chuma kutoka injini, na yakigusa ngozi ya mtu kila mara yanaweza kuleta kansa. Haifai.

Mawese. Ile ya kijijini iko na asidi nyingi, na asidi inakula shaba na chuma. Kwa baridi ya milima kama Butembo ao Masisi inaganda, na ikikaa inaoza na kunata. Mafuta ya soya na ya alizeti yanakauka na kuwa kama vernisi. Mtambo unakwama.

Petroli na mazuti. Zinasaidia kuosha mafuta ya zamani yenye kuganda, lakini hazikingi kitu kwa muda mrefu. Kisha kuosha, lazima kupaka mafuta mengine. Esanse isitumiwe hata kidogo: mvuke wake unashika moto kwa cheche moja.

Mafuta ya freni. Yanavuta maji na kubambua rangi na vernisi ya kitako. Yaachwe.

Mafuta ya mnyama na nta ya nyuki. Wazee wa Ulaya na Marekani walizitumia, na wapenzi wa bunduki hizi wangali wanazitumia siku ya kupiga, juu zinalainisha uchafu wa baruti bila kufanya lami. Sharti moja: mafuta yasiwe na chumvi.

Mafuta moja kwa kazi zote?

Gobori si chuma peke yake. Iko na kitako cha mbao, vipande vya shaba, pengine mkanda wa ngozi. Wazo la mafuta moja kwa vyote ni la zamani. Mwaka 1904, katika Ujerumani, mkemia Helmut Klever alitengeneza mafuta yenye kuitwa Ballistol, juu jeshi la huko lilitaka kitu kimoja kwa chuma, mbao na ngozi. Yakichanganywa na maji yanageuka meupe kama maziwa. Maji yanatoa chumvi, kisha yanakauka na kuacha mafuta juu ya chuma. Kwa sababu hiyo wapenzi wa bunduki za baruti nyeusi wanayasifu mpaka leo.

WD-40, yenye ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, inajulikana zaidi. Lakini jina lake lenyewe linaeleza kazi yake ya kwanza: kufukuza maji. Inafaa kisha kuosha. Kwa kukinga miezi mingi, mafuta mazito yanaishinda.

Asiyepata hizo anaweza kujaribu yenye iko nayo. Achukue misumari mipya, aioshe kwa sabuni na kuikausha. Kila mmoja apake mafuta tofauti, na mmoja aache bila kitu. Aiweke inje, chini ya paa, wiki mbili za mvua. Msumari wenye utabaki safi utamupa jibu.

Mafuta yakizidi, hatari

Tabaka jembamba linatosha. Mafuta mengi ndani ya mtutu yanashuka na kulowesha baruti na fataki. Bunduki inakataa kulia, ao inachelewa: mtu anaishusha kwa kuangalia shida iko wapi, na ndipo inalia. Ndiyo maana mtutu unapanguswa ukauke mbele ya kazi yoyote. Na bunduki inahifadhiwa mdomo chini, ili mafuta yasishuke kwa kitako na kuozesha mbao.

Mbele ya yote, mwenye kusafisha ahakikishe kwamba haina kitu ndani. Magobori mengi ya urithi yalitundikwa ukutani yakiwa yamejazwa, na baruti ya miaka mingi ingali inawaka. Afanye kazi inje, mbali na watoto, sigara na moto wa jikoni. Mtutu wenye mashimo ya kutu, ufa ao uvimbe hakuna mafuta yenye yataurudishia nguvu. Usipigwe tena.

Na karatasi zinapita mafuta. Sheria ya silaha, nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inaomba kibali, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga nani anawinda, wapi na wakati gani. Ndani ya mbuga za taifa kama Virunga, Kahuzi-Biega na Maiko, uwindaji umekatazwa.

Kwa kifupi: kuhakikisha haijajazwa, maji ya moto na sabuni, kukausha, mafuta safi kidogo, kuangalia tena kila mwezi. Chupa ndogo ya mafuta ya mashini ya kushona ni ya bei kidogo, kidole kikipotea hakirudi.