Nani Kakwambia Miguu Peku ni Sifa?

Siku raba yangu ilipofungua mdomo nilikuwa nimebakiza kilomita 6 kumaliza mbio za kilomita 21. Ilikuwa raba ya mtumba, niliinunua mnadani, namba moja zaidi ya mguu wangu, nikaijaza vitambaa kwa mbele. Soli ikaanza kupiga lami pa! pa! kama kandambili. Nikaona isiwe tabu. Nikazivua zote mbili, nikazishika mkononi, nikachapa mwendo peku. Ndugu msomaji, lami ya saa nne asubuhi si ya kuchezea. Nilimaliza na malengelenge mguu mzima, na nafasi niliyoshika sikutaka hata kuiuliza.

Basi pale mwisho wa mbio watu wakanizunguka. Bwana mmoja mwenye kamera akainama, akapiga picha. Hakupiga uso wangu, alipiga miguu. "Safi sana, layoni!" akasema. "Abebe Bikila mwenyewe!" Wenzake wakapiga makofi. Yeye miguuni alikuwa na raba mpya, nene kama mkate.

Nilirudi Endulen nikichechemea, na swali moja kichwani: je, kweli Bikila alishinda kwa sababu hakuwa na viatu? Mimi hadithi za zamani nazipenda kuliko hesabu, na matokeo yangu ya kidato cha nne ni shahidi. Nikaanza kutafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze nyumbani. Endulen iko ndani ya Ngorongoro, na jirani yetu ni Laetoli. Mwaka 1978 kundi la watafiti la Mary Leakey lilikuta pale nyayo zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano. Ni nyayo 70 hivi, katika njia yenye urefu wa karibu mita 27, na umri wake ni kama miaka milioni 3.6. Kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, kama changu na chako. Kwa hiyo mguu ulitangulia kiatu, hilo halina ubishi.

Lakini mtu wa Laetoli alitembea peku kwa sababu duniani hakukuwa na kiatu. Babu zetu walipopata ngozi, walishona ndara. Tairi chakavu za magari zilipofika, tukachonga makatambuga. Hakuna mchungaji anayepita peku kwenye miiba ya migunga ili asifiwe. Mwiba unauma, basi.

Sasa twende kwa Bikila. Ni kweli kwamba tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Mwethiopia huyo alishinda marathoni peku kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa. Wanaosimulia huishia hapo. Hawasemi kwamba viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, ndipo akaamua kukimbia kama alivyozoea mazoezini. Tena hawasemi habari za Tokyo mwaka 1964. Huko alishinda tena, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Miguuni alikuwa na viatu na soksi. Alipopata kiatu cha kumfaa alikivaa, na muda wake ukapungua kwa dakika 3. Picha ya Roma ndiyo inayobandikwa ukutani. Ya Tokyo nani anaijua?

Kisha kuna mzee wetu John Stephen Akhwari, mkulima kutoka Mbulu, si mbali na huku kwetu. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Njiani aliangushwa katika msongamano, goti likateguka. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma huko kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Nami najivunia jibu lile. Ila mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Ya 5, ndugu yangu! Huyu hakuwa mtu wa kuonewa huruma, alikuwa mkimbiaji hodari aliyeumia siku moja. Dunia imeikumbuka bendeji, mbio zake imezisahau.

Linganisha na Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Februari 1974, kule Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Mwaka 1976 hakwenda Montreal kwa sababu Tanzania iliungana na nchi nyingi za Afrika kuigomea Olimpiki ile. Moscow 1980 akaleta medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji. Ukimtaja Bayi, watu wanazungumzia akili yake ya kukimbia. Hivyo ndivyo mwanariadha anavyostahili kukumbukwa.

Na leo? Mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia liliweka sheria kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40. Sheria haiwekwi kwa kitu kisicho na nguvu. Mwaka 2023 kampuni moja ilitoa kiatu cha gramu 138 kwa dola 500. Kwa hesabu za nyumbani hiyo ni ng'ombe. Septemba 2025, tena Tokyo, Alphonce Simbu wetu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni baada ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, tofauti ni kupepesa jicho! Nenda ukamwambie Simbu avue viatu ili picha ipendeze.

Sisemi kwamba kiatu kinakimbia chenyewe. Goti la Akhwari lisingeponywa na soli yoyote. Ninachokataa ni kusifiwa kwa kukosa. Hata sisi tunaojifunza kuandika tunaambiwa kila siku kwamba njaa humkomaza mwandishi. Mimi nimelala njaa mara kadhaa, na asubuhi daftari lilikuwa jeupe vilevile.

Mwezi uliopita baba aliuza mbuzi wawili. Nikapanda gari hadi Arusha, nikanunua raba mpya, za kawaida, namba yangu hasa. Huku kwetu mazoezi husubiri jua lichomoze, maana nyati na tembo hawana ratiba. Asubuhi ya kwanza baba alisimama mlangoni pa boma, akanitazama nikifunga kamba.

"Sasa utashinda?" akauliza.

"Sijui, baba. Ila nitafika miguu ikiwa mizima."

Akaangalia zizi, akahesabu waliobaki.

"Haya, kimbia," akasema. "Na ukipigwa picha, inua uso."