Mashini ya Babu

Babu alituachia mashua moja, deni dogo la dukani, na swali lililokaribia kutugombanisha: tuifunge mashini gani?

Mashua yenyewe ni ya mita nane. Iliundwa Matondoni, ina mlingoti mmoja na tanga la pembetatu lenye viraka vingi kuliko kitambaa chake cha kwanza. Ile mashini ya petroli iliyopachikwa tezi ilikufa kabla ya Babu. Mjomba, ambaye ndiye nahodha sasa, alitaka dizeli: silinda moja, mkono wa pili, ile ambayo ukiisikia ikipiga tu-tu-tu usiku unajua ni nani anarudi. Mimi nilitaka mota ya umeme, betri na paneli za sola. Pesa nyingi za mradi huo zilikuwa akiba yangu ya Nairobi, kwa hiyo nilijiona nina kura mbili.

Nilishuka Mokowe na basi nikiwa na hotuba kichwani. Dizeli ni mambo ya jana, umeme ndio kesho, na kadhalika. Hotuba poa sana. Shida moja tu, haikuwa kweli. Nililigundua hilo nikiwa nimekaa barazani kwa Mjomba, napekua simu kutafuta ushahidi wa kummaliza.

Kumbe umeme ndio mzee wa hizi mbili. Mwaka 1838, kwenye mto Neva mjini St. Petersburg, mhandisi Moritz Jacobi aliwapandisha abiria zaidi ya kumi kwenye mashua iliyosukumwa na mota ya umeme. Wakati huo Rudolf Diesel, mwenye jina lililo kwenye kila petroli stesheni unayoijua, alikuwa bado hajazaliwa. Alizaliwa 1858. Betri za Jacobi hazikuwa za kuchaji. Zilikula zinki kama jiko linavyokula makaa, na gharama hiyo peke yake ilitosha kuua biashara.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi ya kuchaji tena, mama wa hii betri iliyo kwenye matatu yako. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliteremsha mashua kwenye mto Seine, Paris, ikiwa na mota ya umeme ya kupachika tezi, unaibandua ukimaliza. Yaani ile mashini ya Babu, kwa umbo lake, ina babu wa umeme. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, boti 55 za umeme zilibeba watu zaidi ya milioni moja kwenye vidimbwi na mifereji ya uwanja. Hakuna moshi, hakuna kelele. Mwaka huohuo Diesel alikuwa Augsburg, Ujerumani, akihangaika na injini isiyotaka kutulia. Ilimkubali 1897.

Sasa, kama umeme ulitangulia kiasi hicho, mbona bahari yote ikawa ya dizeli?

Jibu liko kwenye zile boti za Chicago. Zilizunguka mahali pamoja, na usiku zikarudi palepale kuchajiwa. Ukitoka nje ya duara hilo, betri inakuwa kamba shingoni. Piga hesabu hii nami. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya kama kilowati-saa 10. Injini inapoteza nyingi kwa joto, tuseme zinafika 3 kwenye propela. Lita hiyo haifiki hata kilo moja kwa uzito. Betri ya kisasa ya lithiamu ya kukupa hizo 3 ina uzito wa kilo 20 hadi 30. Ya risasi, ya enzi ya Chicago au ya matatu, ni mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia iliweza kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa dizeli. Kwa betri isingefika mbali.

Lakini kuna chombo kimoja kilinifurahisha kuliko Selandia. Kinaitwa Vandal. Kilianza kazi 1903 kwenye maji ya mto Volga, Urusi, kikibeba mafuta ya kampuni ya ndugu wa Nobel, na ni kati ya vyombo vya kwanza kabisa vya dizeli duniani. Injini zake hazikuweza kurudi kinyumenyume. Wahandisi wakafanya hivi: dizeli izungushe jenereta, jenereta ilishe mota za umeme, mota zizungushe propela. Nilimsomea Mjomba hiyo nikidhani nimepata pointi. Alicheka tu, akasema, "Kwa hiyo na wao walibishana."

Huku kwetu ubishi huo ulichelewa kufika, kwa sababu mashini ilikuwa upepo na haikununuliwa. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikayarudisha. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na pwani hii mpaka Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji. Jahazi hilo halikuwa na injini. Safari nzima ilipangwa kwa misimu, na kungoja kulikuwa sehemu ya kazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashini zikaanza kuingia majahazini. Ratiba ikawa ya mwenye mzigo. Milingoti ikafupishwa, tanga likawa kitu cha akiba, na kwenye vyombo vingi likaondoka kabisa.

Hapo ndipo nilipomwambia Mjomba kwamba dizeli ilitunyang'anya tanga. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alinyamaza kidogo, akamwaga kahawa iliyobaki kikombeni.

"Mwanangu," akasema, "usiku wa kusi, tumetoka Faza, tuna mgonjwa. Hiyo betri yako itatufikisha?"

Nilikuwa nalijua tukio lile nusunusu. Nilikuwa na miaka minne. Mke wa Mjomba alishikwa na uchungu akiwa kwa mamake Faza, wakamtia mashuani kumleta hospitali Lamu. Kusi ilikuwa usoni. Mashini ya petroli ilizima njiani na haikuwaka tena. Walibisha na tanga, kulia, kushoto, kulia, mpaka alfajiri. Mamangu mdogo yuko hai, ndiye aliyepika ile kahawa. Mtoto hakufika.

Sikumjibu usiku ule. Nilichukua kalamu.

Betri niliyoweza kuimudu ilikuwa ya kilowati-saa 10. Kwenye shwari, mwendo wa kilomita saba kwa saa, mashua kama yetu ingekula kama kilowati mbili. Saa tano, yaani kilomita 35 hivi. Kutoka Faza hadi Lamu ni zaidi ya 30. Na hiyo ni shwari. Maji yana sheria mbaya: ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu kama mara nane. Upepo na mkondo wa usoni vinakulipisha bei ileile. Usiku wa kusi betri yangu ingeisha baada ya saa moja na kidogo, katikati ya giza, na jua la kuichaji lingekuwa bado saa nyingi. Mtungi wa lita 20 wa dizeli ungeweka kilowati-saa 60 kwenye propela. Betri zangu sita, kwenye mtungi mmoja wa plastiki. Juu ya hapo, dizeli ikigoma kuna fundi karibu kila kijiji. Bodi ya umeme ikiingiwa na maji ya chumvi, ningempigia nani?

Lakini nilipiga pia hesabu ya upande wa pili, na Mjomba aliisikiliza yote. Siku nyingi mashua haiendi Faza. Inachukua wageni saa kumi jioni, Lamu, Shela, Manda, na kurudi. Upepo unafanya kazi kubwa, mashini inahitajika robo saa ya kutoka na kuingia bandarini. Kwa kazi hiyo tunanunua dizeli ambayo bei yake inatangazwa Nairobi kila tarehe 14 ya mwezi, tukishika roho. Moshi unawarudia wageni usoni, mafuta yanavuja kwenye mikoko tunakotegemea kaa na samaki. Hata taa za mji wa Lamu ziliwashwa miaka mingi na jenereta za dizeli, na leo zinatumia gridi ile inayobeba mvuke wa Olkaria. Ule mzunguko wa jioni ni Chicago tupu: unatoka, unazunguka, unarudi kuchaji.

Kwa hiyo tulikuwa na safari mbili, tukilazimisha chombo kimoja kizimalize zote. Hakuna kura yangu ya pili iliyoweza kubadilisha umbali wa Faza.

Tulifunga dizeli. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba mlingoti usifupishwe hata shibiri. Mjomba alishangaa nilidhani angeufupisha. Tukaongeza paneli moja ya sola na betri ndogo kwa taa na kuchaji simu, kwa sababu usiku ule pia hawakuwa na taa ya maana. Akiba iliyobaki tunaitunzia dau dogo la kupeleka wageni Shela na kurudi. Hilo litakuwa la umeme. Mjomba amekubali, ila anataka kulijaribu yeye kwanza.

Mwezi wa saba nilienda naye Faza. Kwenye mlango wa Mkanda, kati ya mikoko, upepo haukufika, mashini ikapiga tu-tu-tu kama ilivyotakiwa. Tulipotoka kwenye ghuba kusi ikatushika kwa nyuma. Mjomba akazima, tukapandisha tanga, na kwa saa nzima hatukuongea.

Kurudi, upepo ulikuwa usoni na mashini ilifanya kazi njia nzima. Kulikuwa kumeshaingia giza. Mahali fulani katikati ya maji Mjomba aliacha kuzungumza, akashika usukani kwa mikono miwili, akawa anaisikiliza ile mashini. Sikumuuliza kama ni hapo. Tulifika Lamu kabla ya saa tatu usiku, na mtungi ulikuwa bado na mafuta.