Usalama wa reli: Kulituza jicho au kukituza kimya?

Kwa zaidi ya karne moja, makampuni ya reli yamejaribu kupunguza ajali kwa kuwatuza wafanyakazi wake. Historia ya tuzo hizo nchini Marekani, Uingereza na Japani inaonyesha kuwa si kila zawadi huleta usalama. Ipo inayomfumbua mfanyakazi macho, na ipo inayomfunga mdomo.

Katika karne ya 19, kazi ya reli nchini Marekani ilifananishwa na vita. Hayo hayakuwa maneno ya wafanyakazi peke yao. Mwaka 1889, Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge kuwa ni aibu kwa taifa lililostaarabika kuwaacha wafanyakazi wakabiliwe na hatari sawa na ya askari aliye vitani.

Mabehewa ya wakati huo yaliunganishwa kwa pingili ya chuma na pini. Mtu alisimama kati ya mabehewa mawili, akaielekeza pingili kwa mkono na kuichomeka pini, huku behewa moja likimjia. Aliyechelewa kuutoa mkono alipoteza vidole. Aliyeteleza alipoteza maisha. Katika mwaka mmoja ulioishia Juni 1893, wafanyakazi wa reli 2,727 waliuawa kazini na zaidi ya 31,000 wakajeruhiwa.

Mwezi Machi mwaka huo, Harrison alitia saini sheria iliyoyalazimisha makampuni kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe pamoja na breki za hewa. Hata hivyo, sheria haina macho ya kuiona ngazi ya behewa iliyolegea, taa iliyozimika au shimo lililoachwa wazi kando ya njia. Hayo huonwa na yule apitaye hapo kila siku.

Usalama Kwanza

Aliyelitambua jambo hilo mapema ni Ralph Richards wa kampuni ya reli ya Chicago and North Western. Richards hakuwa mhandisi. Alikuwa mkuu wa idara iliyoshughulikia madai ya fidia, na habari za waliouawa na waliokatika viungo zilipita mezani kwake. Mwaka 1906 alichapisha kitabu juu ya chanzo cha ajali za reli na namna ya kuzizuia. Mwaka 1910 akaanzisha kamati za usalama, ambamo wafanyakazi wa kawaida waliketi pamoja na wakubwa wao na kuzitaja hatari walizoziona. Wito wake wa "Usalama Kwanza" ulienea katika reli nyingine, kisha viwandani.

Mwaka 1913 Mary Harriman, mjane wa tajiri wa reli Edward Harriman, alianzisha nishani kwa kumbukumbu ya mumewe. Nishani hiyo ilitolewa kwa kampuni iliyokuwa na rekodi bora ya usalama, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa heshima kubwa kuliko zote katika reli za Marekani.

Nia ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa katika kipimo. Richards aliuliza: umeona hatari gani? Nishani iliuliza: ni wangapi wameumia? Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali, lakini majibu yake hupatikana kwa njia tofauti. Idadi ya majeruhi inaweza kupungua kwa sababu hatari imeondolewa. Inaweza pia kupungua kwa sababu aliyeumia amenyamaza.

Mashindano yalishuka hadi katika karakana na yadi za mabehewa. Kikundi kilichomaliza kipindi bila majeruhi kilipewa zawadi. Mmoja akiripoti jeraha, wote waliikosa. Hivyo mtu aliyeteguka mguu alijikuta akipima maumivu yake dhidi ya zawadi ya wenzake. Mwaka 2007, Bunge la Marekani lilisikiliza malalamiko ya wafanyakazi waliosema kuwa walitishwa au kuadhibiwa kwa kuripoti majeraha. Mwaka huo huo, sheria iliimarishwa ili kumlinda mfanyakazi wa reli anayetoa taarifa ya jeraha au ya hatari. Mwezi Machi 2012, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini ilionya kuwa zawadi za kutokuwa na majeruhi zinaweza kuwafanya watu wafiche majeraha. Mwaka huo nishani ya Harriman ilisitishwa, baada ya karibu karne nzima.

Adhabu na siri

Japani ilijifunza somo hilo kwa upande wa adhabu. Aprili 25, 2005, treni iliacha njia huko Amagasaki, ikaligonga jengo la makazi na kuua watu 107, akiwemo dereva. Treni iliingia kwenye kona kwa mwendo wa kilomita 116 kwa saa, ilhali kikomo kilikuwa 70. Dereva alikuwa amechelewa kwa takriban dakika moja na nusu, na kabla ya hapo alikuwa amepitiliza mahali pa kusimama stesheni. Uchunguzi ulitaja hofu yake ya kupelekwa kwenye mafunzo ya kuadhibu, ambayo madereva waliyaona kuwa fedheha. Mwaka 2016, kampuni hiyo ilitangaza kuwa haitaadhibu tena makosa yasiyo ya makusudi.

Uingereza ilichagua njia ya siri. Mwaka 1996, huko Scotland, ulianzishwa mpango wa kupokea taarifa za hatari bila kulifichua jina la mtoaji. Oktoba 5, 1999, treni moja ilipita taa nyekundu huko Ladbroke Grove, London, ikagongana na nyingine. Watu 31 wakafa. Ilibainika kuwa taa hiyo ilikuwa imewahi kupitwa mara nane katika miaka sita. Mwaka 2000 mpango wa Scotland ulienezwa nchi nzima. Mtoa taarifa hapewi fedha. Malipo yake ni kusikilizwa, kujibiwa na kulindwa.

Marekani ilianza majaribio ya mpango unaofanana na huo mwaka 2007, katika yadi ya North Platte, Nebraska, kwa kufuata mfano wa usafiri wa anga. Lakini makampuni makubwa hayakuukimbilia. Februari 3, 2023, treni ya Norfolk Southern iliyobeba kemikali iliacha njia huko East Palestine, Ohio, baada ya fani ya gurudumu kupata moto kupita kiasi. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imepata nishani ya dhahabu ya Harriman kwa miaka 23 mfululizo. Januari 2024 ilikubali kujiunga na mpango wa taarifa za siri, kwa majaribio yaliyohusu wafanyakazi wapatao 1,000.

Haina maana kwamba nishani zote hizo zilikuwa za bure. Ina maana kwamba hesabu ya majeruhi hueleza yaliyopita, ilhali jicho la mfanyakazi huliona lijalo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mfanyakazi anayeujia mkubwa wake kwa habari ya msumari uliolegea hajaharibu rekodi ya mtu yeyote. Ameuonyesha ufa ungali mdogo.