Azimio ilivyojikanganya Meru na Embu

Ukitaka kujua kwa nini marehemu Raila Odinga aliukosa urais mwaka 2022, ndugu msomaji, usianzie Bomas. Anzia Meru na Embu. Tarehe 15 Agosti William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Pengo halikufika laki mbili na nusu. Sisi wa Mombasa, Kilifi na Kwale tulikuwa tumeshammiminia Raila kura zetu. Kule mashariki mwa Mlima Kenya zilikwenda kwa Ruto kwa kishindo, na Azimio ilikuwa na gavana wa Meru, Kiraitu Murungi, na waziri wa kilimo, Peter Munya, mwana wa Meru pia.

Kwa maoni yangu, wakubwa hao hao ndio waliokuwa fumbo la kwanza. Mwaka 2013 na 2017 walisimama upande wa Uhuru Kenyatta, na mwananchi akaambiwa Raila hafai. Ukaja ule mkono wa Machi 2018, na sauti zile zile zikarudi kumwambia mwananchi yule yule kwamba Raila ndiye tumaini lake. Hakuna aliyekaa na mkulima wa Maua au Runyenjes akamweleza kilichobadilika ni nini. Kama hatari ilikuwa ya kweli, imekwenda wapi? Na kama haikuwa ya kweli, basi walimdanganya mara mbili mfululizo.

Halafu Azimio ikataka kuwa serikali na upinzani kwa pamoja. Huku inajisifia barabara za Uhuru, huku inaahidi kuondoa ugumu wa maisha. Mwezi Julai, wiki tatu tu kabla ya kura, serikali ilishusha pakiti ya unga wa kilo mbili hadi shilingi 100, kutoka zaidi ya 200. Waziri mwenye dhamana ya unga huo alikuwa Munya. Watu wakauliza: kumbe iliwezekana, mlikuwa mnangoja nini? Na wengi walipokwenda dukani, unga wa mia haukuwepo.

Lililonishangaza zaidi ni la mitumba. Tarehe 6 Juni, siku ya kuzindua manifesto yake uwanja wa Nyayo, Raila alitetea viwanda vya nguo vya hapa nchini. Hoja nzuri. Lakini akaongeza kwamba nguo tunazovaa zimetoka ng'ambo, zimevaliwa na watu waliokwisha kufa. Yale marobota yanashukia bandarini kwetu, yanauzwa Kongowea, yanapanda mpaka soko la Gakoromone pale Meru mjini. Mama anayelisha watoto kwa mitumba hakusikia habari za viwanda, alisikia biashara yake inatukanwa. Raila alifafanua baadaye kwamba hakukusudia kuwafukuza, ila wenzake walikuwa na wilbaro na "kazi ni kazi", na neno lilishafika sokoni.

Upande wa Ruto nao uliteleza. Januari 2022 seneta wa Meru, Mithika Linturi, alisimama Eldoret akatamka habari za kuondoa "madoadoa". Neno hilo katika Bonde la Ufa linakumbusha damu ya 2007. Alikamatwa, na Ruto mwenyewe akayakemea matamshi hayo. Agosti Linturi aliwania ugavana kwa tiketi ya UDA. Yeye na Kiraitu wote wakabwagwa na Kawira Mwangaza, mgombea huru.

Embu ilikuwa na mtu wake, Spika Justin Muturi, aliyekuwa akiutaka urais mwenyewe. Mwezi Aprili akaingia Kenya Kwanza. Mei Ruto akampita Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi na kumchukua Rigathi Gachagua. Kesho yake Raila akamtaja Martha Karua wa Kirinyaga. Hivyo upande ule wa mlima ukaambulia patupu kwa pande zote mbili, na Azimio haikuona mlango uliokuwa wazi. Leo Kindiki ni Naibu wa Rais.

Sisi wa Pwani yanatuhusu, kwa sababu ya muguka. Unalimwa Mbeere, kaunti ya Embu, na unamalizikia kwenye maskani zetu, kwa vijana wasioweza bei ya miraa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache baadaye Rais alikutana na viongozi wa Embu, ikatangazwa kwamba marufuku hizo hazina nguvu kisheria, maana muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mkulima wa Mbeere anasomesha watoto kwa majani yale. Mzazi wa Kisauni anaona wa kwake wakiacha shule kwa majani yale yale.

Mgombea wa 2027 atapita Siakago akiahidi soko la muguka, kisha atateremka Tononoka kutuomba kura. Mimi nitataka kusikia maneno yake ya Siakago akiyarudia pale Tononoka, mbele ya wazazi, bila kupunguza hata moja.