Pikapu kuukuu inapomisi: Namna ya kuisaka silinda iliyokufa

Pikapu aina ya Toyota Hilux zenye injini ya petroli ya 22R, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1981, zimejijengea sifa ya uimara katika barabara mbovu. Hata hivyo, ipo hitilafu moja inayomaliza fedha za wamiliki wake taratibu, nayo ni injini kumisi, yaani silinda moja au zaidi kushindwa kuchoma mafuta kwa wakati wake. Mmiliki hununua plagi mpya, kisha waya, kisha koili, hatimaye kabureta. Gari linapofika mlima Kitonga likiwa na shehena, mtikisiko uko pale pale. Fedha hizo hupotea kwa sababu vipuri hubadilishwa kabla ya kujulikana ni silinda ipi imekufa.

Uchunguzi huanza kwa sikio. Mdundo wa hitilafu unaojirudia kwa mpangilio mmoja katika bomba la moshi huashiria silinda moja. Mtikisiko usio na mpangilio huelekeza kwenye kifaa kinachohudumia silinda zote, kama vile koili, rota ya distribyuta au mfumo wa mafuta. Wakati wa kutokea nao hueleza mengi. Gari linalomisi likiwa limesimama, kisha likatulia linapokanyagwa mafuta, hushukiwa kuwa na valvu zilizobana au hewa inayopenya pasipostahili. Linalomisi wakati wa kupanda mlima tu hushukiwa plagi, waya au uhaba wa petroli. Lile linaloanza kusumbua baada ya nusu saa ya safari, mara nyingi koili yake imeshindwa kuhimili joto.

Ili kuitambua silinda yenyewe, injini huzimwa, waya wa plagi moja ukachomolewa, na ncha yake ikachomekwa kwenye plagi ya akiba iliyogusishwa barabara kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Kisha injini huwashwa kwa sekunde chache. Kuuacha waya ukining'inia ni hatari kwa fundi na kwa vifaa vya umeme. Mngurumo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Ikumbukwe kwamba silinda ya 1 ni ile iliyo karibu na rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Waya mbili zilizopishana nafasi zinaweza kumhangaisha fundi siku nzima, hivyo jambo hilo lihakikiwe mapema.

Plagi ya silinda iliyokufa isomwe kabla ya kufutwa. Ikiwa imelowa petroli, cheche haifiki au mgandamizo ni hafifu. Ikiwa na oili, ringi za pistoni au mipira ya valvu imechakaa. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli kuzidi, na weupe ni dalili ya hewa kuzidi. Baada ya hapo plagi hiyo ihamishiwe silinda ya jirani. Hitilafu ikiifuata, plagi ndiyo mbovu, hata kama ilinunuliwa jana. Isipoifuata, waya nao ubadilishwe na mwingine kwa namna hiyo hiyo. Njia hii haigharimu hata senti, na inashangaza kuwa hutumika mara chache.

Kifuniko cha distribyuta kikaguliwe ndani kwa kurunzi, kwani ufa mwembamba kama unywele hupitisha umeme kwenda pasipotakiwa, hasa msimu wa mvua. Usiku, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma, cheche zinazovuja kwenye waya huonekana kwa macho.

Kama umeme uko sawa, kinachofuata ni valvu. Katika injini hii nafasi yake hupimwa ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi. Wapo madereva wanaochukia mlio wa valvu na kumtaka fundi azikaze mpaka zinyamaze. Ukimya huo ni wa gharama kubwa, kwa kuwa valvu isiyofunga sawasawa hukosa kupoa na huungua ukingoni.

Ndipo mgandamizo upimwe: plagi zote nje, koili ikiwa imekatwa umeme, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Injini nzima hutoa takriban paundi 170, na chini ya 140 ni uchakavu. Kwenye miinuko kama Mbeya vipimo vyote hushuka kidogo, hivyo la muhimu ni tofauti baina ya silinda. Isizidi paundi 14 hivi. Silinda iliyo chini itiwe kijiko cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kabureta iguswe mwisho, baada ya kukagua gasketi iliyo chini yake na mpira wa hewa uendao kwenye buti ya breki. Maji ya sabuni yakinyunyizwa kwenye maungio na mngurumo ukabadilika, hewa inapenya hapo. Petroli isitumike kwa jaribio hilo.

Wakati uchunguzi ukiendelea, gari lisibebeshwe mzigo. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampo. Ikiwa kijiti cha kupimia oili kinanuka petroli, oili na filta vibadilishwe mara tu baada ya matengenezo.