Mwenye Wimbo na Mwenye Daftari: Hakimiliki katika Matini za Usukumani

Mtafiti anayetaka kuingiza kitabuni mwake wimbo ulioimbwa Ngulyati, wilayani Bariadi, hukabiliwa na swali ambalo tahakiki nyingi za fasihi simulizi zimelipita kimya: idhini iombwe kwa nani? Mazoea ya kuandika "wimbo wa Wasukuma" chini ya matini hulijibu kwa wepesi mno. Mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, yenye asili katika karne ya 19, yalimkuza ningi, yaani manju, kwa jina lake mwenyewe. Wafuasi walimfuata yeye, na wapinzani walimjibu yeye.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatenganisha mambo mawili ambayo mazoea hayo yameyachanganya. Sanaa za jadi zilizorithishwa kizazi hadi kizazi haziruhusiwi kutumiwa kwa faida nje ya muktadha wa kimila bila idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, ingawa kuziazima ili kutunga kazi mpya si kosa. Kazi ya mtunzi, kwa upande wake, hulindwa tangu inapotungwa, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kudondoa bila idhini kunakubalika iwapo dondoo halizidi haja ya hoja, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vinatajwa. Ni sharti hili la mwisho linalovunjwa pale ningi anapoitwa "Wasukuma". Ugumu halisi (nao si mdogo) uko kwa manju anayefuma beti zake juu ya kiitikio cha mababu.

Uchapishaji wa Mwanza unatoa mfano mwingine. Hans Cory, aliyeandika *Sukuma Law and Custom* (1953), alihariri pia diwani ya Kiswahili, *Sikilizeni Mashairi* (1958). Alifariki 1962, kwa kipimo cha miaka 50, maandishi yake mwenyewe yalitoka katika ulinzi mwishoni mwa 2012, mwaka uleule Simiyu ilipotengwa na Shinyanga. Mashairi yaliyomo katika diwani hayakutoka pamoja nayo. Kila moja huhesabiwa kwa kifo cha mshairi wake, na anayetaka kulichapa upya lote hana budi kuwatafuta warithi wa mshairi huyo, si wa mhariri.