Tarehe Iliyobaki, Maana Iliyobadilika
Nchini Marekani, mhubiri William Miller alizihesabu zile siku 2,300 za kitabu cha Danieli kuwa miaka, na wafuasi wake wakaamini kwamba Yesu angerudi tarehe 22 Oktoba 1844, hata baadhi ya wakulima wakaacha viazi vyao ardhini bila kuvivuna. Siku ilipopita, wengi walijitenga. Kundi dogo, ambalo mwaka 1863 liliunda Kanisa la Waadventista Wasabato, lilishikilia hesabu ileile lakini likafundisha kuwa siku hiyo ilianza mbinguni hukumu ya upelelezi, yaani uchunguzi wa maisha ya waumini. Fundisho hilo lilikubalika, pengine, kwa kuwa liliinusuru imani iliyokwisha kuwagharimu mali na jamaa. Wamisionari wa kanisa hilo walipofika Upare, katika Tanzania ya leo, mwaka 1903, fundisho hilo lilikuwa tayari nguzo ya kanisa.